Kumsemea Shamimu

Jumamosi, 27 Machi 1993

Dayari hii ni ya zawadi. Kampuni moja ya uwakala wa meli iliwagawia makarani wote wa yadi yetu ya makontena pale Kurasini mwezi wa Januari, nami nikaitia kabatini ikae na heshima yake. Leo nimeitoa kwa amri ya Sista Apolonia wa kliniki. Ameniambia niandike kila siku kitu kimoja tu: ni watu wangapi wa nje, wasiomzoea Shamimu, waliomwelewa bila mimi kuingilia.

"Si wewe karani wa kuhesabu mizigo?" alisema. "Basi hesabu na hii."

Nianze kwa utaratibu. Shamimu ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee, ana miaka kumi na tisa. Alizaliwa mdomo umepasuka, na kinywani kwa juu kaakaa nalo limepasuka, ufa unaopenya hadi puani. Mdomo ulishonwa akiwa na miezi minne. Kaakaa limeshonwa Desemba iliyopita tu, na madaktari wageni waliokuja kwa wiki mbili. Tangazo alilisikia redioni mwenyewe, akavaa baibui lake, akaenda kujiandikisha. Mimi nilipata habari siku ya kutia saini.

Nilidhani ufa ukizibwa maneno yatatoka yamenyooka kama ya msoma taarifa ya habari. Hayakutoka. Pumzi bado inakimbilia puani, na ulimi umeshika mazoea ya miaka yote ile. M na n anazitoa vizuri tangu utotoni. P, t, k na s ndizo zinazomshinda.

Yote nitakayoandika hapa kwamba kayasema, nayaandika kama ninavyomwelewa mimi. Na hakuna anayemwelewa kuliko mimi, hata mama yake.

Leo: sifuri. Mvua bado, joto la kumpika mtu.

Jumanne, 30 Machi

Kliniki. Sista Apolonia ni mwenyeji wa Bukoba, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliniamkia vizuri kabisa, nikaitikia marahaba, kisha akamgeukia Shamimu.

"Asubuhi umekula nini?"

"Chai na mihogo," nikasema.

"Na nyumbani unafanya kazi gani?"

"Anadarizi mashuka. Watu wanamletea mpaka kutoka Mbagala."

Sista akavua miwani. "Mzee, kashonwa huyu au umeshonwa wewe?"

Shamimu akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka mbele ya mgeni. Mimi nikatolewa nje, nikakaa kwenye benchi pamoja na akina mama wenye watoto wachanga. Dirishani niliona Sista amemshikia kioo kidogo chini ya pua. Neno likitoka na kioo kikapata ukungu, ujue pumzi imepotelea puani. Kioo kikibaki kikavu, neno limepita mdomoni. Kioo kilipata ukungu karibu kila mara.

Wakati wa kuondoka nilipewa sharti. "Nyumbani msimjibie. Akisema jambo lisieleweke, arudie. Mara tatu, mara kumi. Huruma yenu ndiyo inayomharibu."

Nikasema nimeelewa. Hatujafika mbali na geti, muuza machungwa akamuuliza anataka mangapi, na mimi nikajibu mawili.

Sifuri, kwa kosa langu.

Alhamisi, 1 Aprili

Mvua ya kwanza. Sifuri.

Jumapili, 4 Aprili

Leo wazee wa Salumu wamekuja kuchukua jibu la posa.

Salumu ni msimamizi wa vibarua pale yadi. Tumekula sahani moja miaka kumi na miwili, na siku nilipovunjika mguu ndiye aliyenibeba. Kijana wake Badru anauza viatu vya mitumba Tandika, anaswali, hanywi, hana makundi. Barua waliileta kabla ya Ramadhani. Nilipoisoma mara ya kwanza niliirudia, nikidhani imekosea nyumba. Hapa kwetu haijawahi kufika barua ya namna ile, na sikuwa nikitegemea.

Tulikaa kwenye mkeka barazani. Mzee mmoja akasema kama desturi ilivyo, kwamba mahari ni haki ya binti, basi wangependa kusikia mwenyewe anataka nini. Nikaenda uani. Shamimu alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia wageni wanasubiri, anasemaje? Akasema. Nikarudi barazani nikawaambia amekubali, na mahari yake ni msahafu na cherehani. Wote wakasema alhamdulillahi. Ndoa itakuwa Ijumaa ya tarehe 14 Mei, kabla ya Idi ya kuchinja.

Salumu alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka.

Sijui kwa nini mkono umekuwa mzito kuandika habari njema kama hii. Leo: sifuri. Wageni walikuwa tisa na hakuna aliyezungumza naye.

Jumatano, 7 Aprili

Mvua mchana kutwa. Chumba cha uani kinavuja sehemu tatu, tumepanga ndoo. Sifuri.

Ijumaa, 9 Aprili

Ijumaa Kuu, yadi imefungwa. Nimekaa nyumbani nikamwona Shamimu dirishani na kioo mkononi. Nikamtania: bibi harusi ameanza kujipenda. Hakucheka. Alikuwa ameshika kioo chini ya pua, anasema sa, sa, sa. Ukungu. Anakifuta kwa ncha ya kanga, anaanza upya. Nilijisikia mjinga.

Kwa kuwa leo sina kazi, niandike jambo ambalo Sista hakuniagiza.

Mwaka 1974, mdomo ulipokwisha kushonwa, nesi mmoja alinipa kadi. Alisema mtoto akifika mwaka na nusu mrudisheni, kabla hajaanza kusema, kaakaa lishonwe. Nikaitikia. Mdomo ukapona, likabaki kovu jembamba kama uzi, na watu wakaacha kuchungulia beleko kila tukipita. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na maelezo yake: mwezi ulipatwa mke wangu Chausiku akiwa mjamzito, naye akashika mkasi. Sasa mdomo umefunga, alisema, na mambo yamekwisha. Mimi nilijifanya msomi, nikamcheka kwa habari za mwezi, lakini nilikuwa na ujinga wangu mkubwa kuliko wake. Nilisema tundu la ndani nani ataliona?

Mwaka na nusu ulipotimia nilikuwa kwenye zamu. Kisha akatimiza miwili. Kisha akaanza kusema, nasi tukaanza kumwelewa, na tulipomwelewa hatukuona tena kama kuna ugonjwa. Alipoanza shule wenzake walimwiga, akarudi analia. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikaomba asiwe anaulizwa maswali darasani. Mwalimu alikubali haraka sana. Miaka saba mwanangu hakuulizwa swali, na mimi nilijisifu kwamba nimemkinga.

Ile kadi sijui ilipotelea wapi. Sifuri.

Jumanne, 13 Aprili

Moja!

Mtaa wa pili kuna duka jipya la mama mmoja kutoka Mbeya, tunamwita Mama Asifiwe. Shamimu alitaka aende peke yake. Nikamfuata kwa mbali, nikasimama nyuma ya kibanda cha chipsi kama mwizi. Alisema. Mama Asifiwe akauliza, "Unasemaje mdogo wangu?" Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, nikaufunga kwa nguvu. Akasema tena, polepole, na yule mama akageuka akachukua sabuni ya kipande na sukari nusu kilo. Vyote viwili ndivyo alivyotaka.

Aliporudi aliniona. "Ulinifuata," akasema.

"Nilikuwa napita."

Lakini hata hasira zake leo zilikuwa nyepesi. Chausiku aliambiwa habari ile mara nne, mara zote na mimi.

Alhamisi, 15 Aprili

Sifuri. Kontena limeanguka kwenye tope, hakuna aliyeumia.

Jumapili, 18 Aprili

Mvua ikipiga bati, nyumba nzima tunakuwa sawa. Kila mtu anapiga kelele na kila mtu anaambiwa rudia. Mchana nilikuwa chumba cha uani nabadilisha ndoo, Shamimu akaingia akasimama mbele yangu.

"Baba, sitaki kuolewa na Badru."

Nikamwonyesha bati kwa kidole. "Mvua, mwanangu. Sisikii."

Hakuondoka. Akakaa juu ya gunia la mkaa, akangoja. Nami nikakaa. Masika ndivyo yalivyo, yanamwaga kana kwamba hayatakoma, kisha yanakoma ghafla. Kukawa kimya, maji yanatiririka barazani tu. Akasema tena, maneno yaleyale.

"Eh?" nikasema.

Akanitazama. "Umenisikia. Na siku ile ya mchele ulinisikia."

Akatoka.

Nimerudi kusoma nilichoandika tarehe 4. Nimeandika kwamba alisema, halafu nikaandika kwamba niliwaambia amekubali. Kati ya sentensi hizo mbili nimeruka jambo, na nililiruka makusudi. Siku ile Shamimu alisema hataki. Alisema mara mbili, akaacha kuchambua mchele ili nimwone mdomo. Nikajitia hamnazo. Nilimwambia haya mama, nimekuelewa, nikaenda barazani kudanganya wazee tisa. Msahafu na cherehani ni vya kwangu, yeye hakutaja kitu.

Kwa nini? Kwa sababu niliogopa. Barua ile ni ya kwanza na huenda ikawa ya mwisho. Na kwa sababu ilikuwa rahisi, mazoea ya miaka mingi. Nimekaa hapa nahesabu. Alipokuwa na miaka minane tulimpeleka kwa shangazi yake kule Mzenga, nikawaambia ndugu amefurahi kwenda. Alikuwa analia garini. Alipomaliza darasa la saba alitaka kwenda kujifunza ushonaji mjini, nikamwambia mama yake kwamba mtoto anaona heri abaki nyumbani. Ndiyo yake na naam yake zinatoka wazi, kila mtu anazisikia. Kukataa kwake kumejaa zile herufi zinazomshinda. Kwa hiyo kukataa kulikuwa kunaishia kwangu, na mimi nilikuwa nachagua kukupitisha au kukumeza.

Sista aliniambia nihesabu watu wanaomwelewa. Hakujua kwamba wa kwanza kwenye orodha ya wasiomwelewa ni mimi, ninayemwelewa kila neno.

Ijumaa, 23 Aprili

Kazini. Wakati wa chai Salumu alikuwa na furaha, akawatangazia vibarua: "Mie mke wangu redio, haizimwi. Lakini mwanangu kapata nyumba ya amani. Mkwe wangu hana makelele!"

"Braza Badru kawahi," mmoja akajibu. "Anatafuta raha huyo."

Yadi nzima ikacheka. Nami nilicheka. Naandika ili nisije nikasahau kwamba nilicheka.

Sifuri.

Jumanne, 27 Aprili

Kliniki. Shamimu alipotoka kwenda kupimwa masikio, nilibaki na Sista, nikamuuliza lile ambalo limenikaa kooni.

"Ningemleta akiwa na mwaka na nusu, ingekuwaje?"

Nilitaraji anifariji kidogo. Hakunifariji.

"Wengi wanaoletwa mapema wanasema karibu kama mimi na wewe," alisema. "Si wote. Lakini wengi."

"Na sasa?"

"Sasa ataeleweka, akifanya kazi. Sauti ya puani itabaki. Mzee, mtoto asiye na kaakaa anajitafutia njia zake za kutoa sauti, anazitolea kooni. Ukimshona ukubwani umempa kaakaa, hujamwondolea zile njia. Anatakiwa aziache mwenyewe, moja moja. Ni kama kukuambia wewe leo uanze kutembea kwa namna nyingine."

Shamimu aliporudi, Sista akamwambia achague neno moja la kufanyia kazi mwezi huu, neno analolihitaji kuliko yote. Shamimu akaandika kwenye karatasi. Sista akasoma, akanitazama, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Hakuniambia na sikuuliza.

Nikasikia nyumbani jioni, kupitia ukuta. Ssss. Kimya. Ta. Ki. Kimya. Anafuta kioo.

Alhamisi, 29 Aprili

Nimemwambia Chausiku. Nilidhani namfungulia siri kubwa. Aliendelea kukuna nazi.

"Najua," akasema. "Mie mamake. Unafikiri nilidhani kakubali?"

"Mbona hukusema?"

"Nawe mbona hukusema?" Akaweka kifuu chini. "Baba Shamimu, una miaka hamsini na mitatu. Mie na presha yangu hii. Tukifa nani atamwelewa? Atakaa na nani? Atamwambia nani kwamba anaumwa? Badru atamzoea. Akiishi naye miaka miwili atamzoea, kama sie tulivyomzoea."

Hiyo ndiyo hofu yangu pia, yeye kaisema vizuri zaidi. Tulikaa pale wawili, wazazi tunaompenda mtoto wetu, na hatukuwa na ujasiri wa kumsikia.

Ijumaa, 30 Aprili

Shamimu alinisubiri nitoke msikitini, akanipokea viatu. Mambo hayo hufanya akiwa na haja.

"Baba, nisemee kwa Mzee Salumu. Mara hii moja."

Nikamuuliza Badru amemkosea nini. Akasema hajamkosea. Alikutana naye dukani kwa Mama Asifiwe, akamsalimu, akaanza kumwambia jambo. Badru akamwambia, kwa upole kabisa, asijisumbue, yeye hapendi wanawake wasemaji.

"Nimeshonwa ili niseme," Shamimu akasema. "Anamtaka Shamimu yule wa zamani."

Nikamwahidi. Miaka yote nimemsemea bila kuombwa. Leo ameniomba.

Jumatatu, 3 Mei

Nilikutana na Salumu chini ya mlango wa kontena tupu, tumejibanza mvua, wawili peke yetu. Nafasi nzuri kuliko hiyo sitaipata. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri.

Akaniwahi. Akasema ameshapata mbuzi wawili na kanzu ya Badru imetoka kwa fundi. Akasema Badru amepaka chumba rangi mwenyewe, kijani, maana kasikia Shamimu anapenda kijani. "Yule mtoto sijawahi kumwona hivi," akasema, na macho yakamlowa, mtu mzima yule.

Nikasema, "Kijani ni rangi nzuri."

Hayo ndiyo niliyomsemea mwanangu.

Nyumbani nilimwambia Shamimu kwamba Salumu hakuja kazini. Alinitazama muda mrefu kuliko mtu anavyopaswa kumtazama baba yake. Akaingia ndani kuchukua kioo.

Jumatano, 5 Mei

Mbili: Mama Asifiwe, na fundi wa mabati aliyekuja kuziba paa. Shamimu hanitazami.

Jumapili, 9 Mei

Shangazi zake wameingia kutoka Mzenga na mizigo. Nyumba imejaa. Kila mmoja anamwambia bibi harusi usiwe na wasiwasi, siku hiyo huna la kufanya. Mvua imepungua.

Jumatano, 12 Mei

Nilijaribu tena. Nilifika mpaka mlangoni kwa Salumu, nikasikia wanawake wanapiga vigelegele ndani, nikarudi. Sifuri. Hiyo sifuri ni yangu mimi.

Ijumaa, 14 Mei

Naandika yote.

Ndoa ilipangwa baada ya alasiri. Turubai limefungwa mbele ya nyumba, mikeka imejaa, pilau iko jikoni. Badru amekaa katikati na kanzu yake mpya na kofia ya kiua, anatoka jasho, anatabasamu kwa kila mtu. Shehe Sadallah wa msikiti wetu akasema tuanze na idhini ya binti. Tukaenda watu wanne: yeye, mimi niliye walii, na mashahidi wawili, mmoja ndugu yake Salumu, mwingine jirani yetu.

Shamimu alikuwa kwenye mkeka, amefunikwa ushungi, mikono imejaa hina, shangazi zake watatu kando yake. Mama yake alisimama mlangoni. Shehe akakaa, akaeleza kwa sauti ya taratibu kwamba binti ambaye hajapata kuolewa huona haya, basi akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ni kukubali. Shangazi mmoja akasema ndiyo hivyo shehe. Nikaona mashahidi wamelegea, maana walikuwa wanaogopa kumsikiliza.

"Shamimu binti Mwinshehe," shehe akasema, "Badru bin Salumu anataka kukuoa kwa mahari ya msahafu na cherehani. Umemwidhinisha baba yako akuozeshe?"

Kimya. Shehe akauliza mara ya pili. Kimya. Ndugu yake Salumu akaanza kujiinua. Shehe akauliza mara ya tatu, ili atimize tu.

Shamimu akainua uso. Akavuta pumzi kama Sista alivyomfundisha, akasubiri, kisha akasema:

"Sitaki."

Niwe mkweli, kama karani. Haikuwa kama yangu au yako. S ilivuja puani, t ilikuwa laini, na sauti ilikuwa ile ya puani ambayo Sista alisema itabaki. Lakini k ilitoka mahali pake. Lilikuwa neno zima, na mtu yeyote angelielewa. Shangazi mkubwa alijiziba mdomo. Chausiku alishika fremu ya mlango.

Shehe akakohoa. Akatazama mkeka, kisha akanitazama mimi. "Mzee Mwinshehe. Bibi harusi anasemaje?"

"Tufafanulie," ndugu yake Salumu akadakia. "Wewe ndiye unayemwelewa."

Walikuwa wamesikia. Nilijua wamesikia, kwa sababu ninaijua sura ile, nimeivaa mimi mwenyewe miaka kumi na saba. Nje kulikuwa na watu mia na hamsini na sufuria nne za pilau. Walinifungulia mlango nipite, na walinifungulia kwa wema. Hawakutaka fedheha, si yao wala yangu. Neno moja langu lingetosha. Na nitaandika hili pia: kwa muda wa pumzi moja, nililifikiria.

"Mmemsikia," nikasema.

"Hatukupata vizuri, mzee."

Shamimu hakunitazama. Alimtazama shehe. "Sitaki," akasema tena. Safari hii hata s ilikuwa bora.

"Mmemsikia," nikasema. "Mara mbili."

Shehe Sadallah alimgeukia Shamimu. Kisha, namshukuru, aliacha kujifanya. Alisema kama binti amekataa kwa kinywa chake hakuna ndoa, na hakuna wa kumlazimisha, hata baba. Akainuka akatoka kwenda kuwaambia.

Sitaandika kelele za nje. Badru hakusema kitu, alisimama akaanza kufungua vifungo vya kanzu palepale mbele za watu, kijana wa watu, mpaka mama yake akamshika mikono. Yule hakuwa na kosa. Alidanganywa, na aliyemdanganya ni mimi.

Salumu alinivuta pembeni ya turubai.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku mliyokuja kuchukua jibu."

Nilisubiri anipige. Ningepokea. Akasema kwa sauti ya chini, "Ungeniambia tu, Mwinshehe. Mie na wewe? Ungeniambia pale kwenye kontena, ningekuelewa."

Akaondoka na watu wake. Pilau tuliwagawia majirani, na wachache waliipokea.

Jumapili, 16 Mei

Shangazi zake wamerudi Mzenga bila kuniaga. Chausiku anazungumza na mimi kwa mambo ya jikoni tu. Kazini kesho nitakutana na Salumu, sijui nitaweka wapi uso.

Nimejumlisha hesabu ya Sista. Ijumaa: saba. Shehe, mashahidi wawili, shangazi watatu, na mama yake, ambaye nimeamua kumhesabu. Mimi sijajihesabu.

Jioni nilimfuata Shamimu uani. Alikuwa anadarizi ua kwenye shuka la mteja. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote: ile kadi ya nesi, mwalimu mkuu, Mzenga, siku ya mchele, siku ya kontena. Nilimwambia kwamba angesema vizuri tangu utotoni kama ningetimiza ahadi moja, na kwamba hata kusema kwake kwa namna ile kulitosha, mimi ndiye sikutaka. Alisikiliza mpaka mwisho, sindano imesimama.

Nikamuuliza kama amenisamehe.

Alinyamaza. Akarudia kudarizi. Nilikaa mpaka kiza kikaingia na akawasha taa, bado kimya. Ningeweza kumwambia haya mama, nimekuelewa, nikainuka. Nilisubiri.

Sikumjibia.